Sabini Chini ya Mialoni ya Savannah

Matawi ya mialoni ya Savannah, jimboni Georgia, yametanda juu ya barabara mithili ya paa la ukumbi. Mengine yameinama chini mno, hata gari refu likipita bila dereva kuangalia juu, kiyoyozi cha kwenye paa kinaweza kubaki mtini. Gari-nyumba la kawaida lina kimo cha zaidi ya mita tatu. Mgeni anayefika hapa amebeba makazi yake mgongoni kama kobe hana budi kuamua mapema: aliache gari nje ya mji wa kale, au aingie nalo na kutoka jasho kila kona.

Leo tunazungumzia siku ya kuzaliwa, na hasa ile inayokuja mara moja kila baada ya miaka kumi: hamsini, sitini, sabini. Kuna wastaafu Marekani wanaoipeleka barabarani siku hiyo, ndani ya gari lenye kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Wao huliita kwa herufi mbili tu, RV. Magari ya namna hii yalikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini yalikuwa ya matajiri. Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago ya Forest City, Iowa, ilianza kuyaunda kwa wingi kiwandani, na taratibu mwalimu na fundi bomba nao wakaanza kuyatamani.

Tumchukue mama mmoja. Hana jina kwa kuwa ni wa mfano, ila wa aina yake wapo. Ni Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ohio, na wiki ya pili ya Machi anatimiza miaka 70. Mumewe ndiye mshika usukani. Nyuma, kwenye kiti cha mezani, amefungwa mkanda mjukuu wao wa miaka tisa, ambaye kazi yake rasmi katika msafara huu ni kusoma ramani kwa sauti.

Kwa nini gari-nyumba, na si ndege na hoteli? Mwenye kuuliza hivyo hajapata kusafiri na goti bovu. Ndani ya gari hili kitanda ni kile kile kila usiku, dawa za presha zipo kwenye kabati lile lile, na choo kipo hatua nne kutoka kwenye kiti. Lakini kwa mama huyu ipo sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Wazazi wake walisafiri kusini enzi za sheria za ubaguzi, wakati mtu mweusi angeweza kuendesha kutwa nzima bila kupata mahali pa kulala, pa kula, wala pa kujisaidia. Kuanzia 1936, Victor Hugo Green, mtu wa posta wa New York, alichapisha kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha nyumba za wageni, mikahawa na vituo vya mafuta ambako msafiri mweusi angepokewa. Familia zilizosafiri wakati huo zilibeba kuku wa kukaanga kwenye boksi, zikabeba mablanketi, zikabeba na ndoo. Binti aliyelelewa na wazazi hao, akifunga mlango wa gari lenye jiko lake, maji yake na choo chake, anajua vizuri kabisa anafunga mlango wa nini.

Kazi zake gari hili linazo, na asikudanganye mtu. Lina matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyokwisha kutumika jikoni na bafuni, na la choo. Ukifika kambini unachomeka waya mnene wa umeme kwenye nguzo, unaunganisha mpira wa maji, unasawazisha gari lisilale upande. Siku ya kuondoka unavaa glavu na kufungulia bomba la choo kwanza, kisha la maji ya jikoni, ili haya ya pili yasuuze njia iliyopitwa na yale ya kwanza. Mtu asichanganye mpangilio huo.

Kambi yao iko Skidaway, kisiwa kilicho kusini mashariki ya mji, katika hifadhi ya jimbo yenye miti mirefu na mabwawa ya maji ya chumvi. Mwenye miaka 62 na kuendelea hupunguziwa ada katika hifadhi za Georgia. Mama anatoa kitambulisho dirishani, karani anasoma mwaka wa kuzaliwa, anaandika, anatabasamu. Kwa mara ya kwanza katika safari hii umri wake umeandikwa kwenye karatasi, na umemletea heri. Jambo hilo litamrudia kichwani kabla wiki haijaisha.

Kutoka Skidaway wanaingia mjini kwa kigari kidogo walichokivuta nyuma. Huo ndio ustaarabu wa kuitembelea Savannah, maana huu ni mji uliopimwa kwa mguu.

Jenerali James Oglethorpe alifika kwenye ukingo huu wa mto tarehe 12 Februari 1733, akiwa na Waingereza mia moja na zaidi kidogo. Akachora mji kwa mitaa midogo, kila mtaa ukizunguka kiwanja cha wazi. Viwanja hivyo vilifika 24, na 22 vipo hadi leo, kila kimoja na miti yake na mabenchi yake. Mtu hatembei dakika tatu kabla hajapata kivuli cha kukaa. Goti la mama linashukuru. Kutoka matawini unaning'inia mmea wa kijivu, mrefu kama ndevu za mzee wa kijiji. Jina lake la mtaani linaitaja Uhispania, ingawa haukutoka huko. Ni mmea wa Amerika, na ukoo wake ni ule wa nanasi. Mjukuu anaambiwa hivyo, anagoma kuamini, kisha anaunusa.

Wanakaa Wright Square. Hapa yapo mambo mawili ya kutazama, na wengi hulitazama moja tu. Katikati limesimama jengo la kumbukumbu lenye nguzo, la William Washington Gordon, mwanzilishi wa kampuni ya reli ya Central of Georgia. Pembeni, chini ya mti, kuna jiwe kubwa la matale lisilochongwa. Jiwe hilo ni la Tomochichi, kiongozi wa Wayamacraw, mwenye ardhi aliyewapokea wageni wa Oglethorpe na kukubali wakae. Mazungumzo yao yalipitia kwa Mary Musgrove, mama mfanyabiashara aliyezaliwa na mama wa jamii ya wenyeji Wacreek na baba Mwingereza. Tomochichi wakati huo alishakula chumvi nyingi. Masimulizi humpa miaka kama tisini. Alipofariki mwaka 1739 Oglethorpe aliagiza azikwe kwa heshima za kijeshi katikati ya kiwanja hiki. Miaka 144 baadaye, mwaka 1883, kaburi la mzee likaondolewa ili bwana wa reli apate pa kusimama.

Jiwe la pembeni liliwekwa mwaka 1899 na chama cha wanawake wa mji walioona mzee amedhulumiwa. Aliyewaongoza alikuwa Nellie Kinzie Gordon, mke wa mtoto wa huyo huyo William Gordon. Mkwe alisahihisha kosa lililofanywa kwa jina la baba mkwe wake. Halikusahihishwa lote, kwani jengo bado lipo katikati na jiwe bado lipo pembeni, lakini mgeni mwenye haraka ya kupiga picha na kuondoka hukosa hata hilo nusu.

Binti ya Nellie ndiye aliyemleta mjukuu Savannah. Mtoto huyu ni skauti wa kike, na Savannah ndiko maskauti wa kike wa Marekani walikoanzia. Binti huyo, Juliette Gordon Low, alizaliwa hapa mwaka 1860. Alikuwa mjane, masikio yake yalikuwa mazito, na ndoa yake ilikuwa imemwachia majeraha. Mwaka 1911 alikutana Uingereza na Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, na tarehe 12 Machi 1912 akaandikisha mjini kwao wasichana 18 wa kwanza. Wakati huo alikuwa na miaka 51. Mama anarudia tarakimu hiyo mara mbili ili mume wake asikie, maana mume wake hupenda kusema kwamba baada ya hamsini mtu anamalizia tu.

Nyumba alikozaliwa Juliette ilinunuliwa na maskauti wenyewe mwaka 1953, na kila Machi wasichana humiminika hapo na sare zao. Msikilizaji wa Nyeri atakuwa ameshainua kichwa. Baden-Powell aliyemwasha Juliette alimalizia siku zake Nyeri, katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, na kaburi lake lipo huko tangu Januari 1941. Skauti wa Savannah na girl guide wa Kenya au Tanzania, wakipeana mkono wa kushoto, wanapeana salamu iliyopita katika mikono ile ile.

Kufikia hapo safari ni ya furaha tupu, na wapo wanaoishia hapo. Wanapanda gari la kukokotwa na farasi, wanasikia hadithi za mizimu jioni, wananunua fulana, wanarudi kambini. Siwalaumu waliochoka. Hata hivyo mji huu una siku nyingine za Machi, na mama aliyefundisha historia kwa miaka thelathini hakuja Savannah kuzikwepa.

Tarehe 2 na 3 Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi nje kidogo ya mji, upande wa magharibi, waliuzwa watu 429. Mwenye mali alikuwa Pierce Butler, tajiri wa Philadelphia aliyerithi mashamba ya mpunga na pamba kwenye pwani ya Georgia na kuzama katika madeni. Kabla ya mnada watu wale waliwekwa katika mabanda ya farasi, na wanunuzi wakapita kuwakagua meno na viungo. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Mauzo yalifikia dola 303,850. Vizazi vya waliouzwa viliyaita mauzo hayo wakati wa kilio. Tunayajua kwa undani kwa sababu Mortimer Thomson, mwandishi wa gazeti la New York Tribune, alijipenyeza akijifanya mnunuzi, na aliporudi kwao akaandika.

Ilichapishwa orodha. Kila mtu alipewa namba, jina, kazi yake, na umri. Jeffrey, namba 319, miaka 23, mkulima hodari wa pamba. Jeffrey alinunuliwa, akamwendea mnunuzi wake kofia mkononi, akamsihi amnunue na Dorcas, msichana aliyetaka kumwoa. Alimsifia mchumba wake kama mtu anayesifia bidhaa sokoni, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha pekee iliyoeleweka mahali pale. Mnunuzi alikubali kufikiri. Ilipofika zamu ya Dorcas, ikabainika kwamba anauzwa pamoja na familia ya watu wanne, na mnunuzi hakutaka wengine. Dorcas akaenda njia yake na Jeffrey njia yake.

Mama anasoma bango la ukumbusho lililowekwa magharibi ya mji mwaka 2008. Mtaa ni wa kawaida, wenye nyumba ndogo na magari yaliyoegeshwa. Kinachomshika ni ile safu ya umri katika orodha. Watumwa wengi wa Marekani hawakujua siku waliyozaliwa. Frederick Douglass alijichagulia mwenyewe tarehe 14 Februari ili awe na siku. Lakini bwana alijua umri wao, au aliukadiria, kwa sababu miaka 23 ilikuwa na bei yake, miaka 45 bei yake, na mtoto wa miezi mitatu bei yake. Tarakimu ambayo juzi ilimpunguzia mama ada ya kambi, hapa ndiyo iliyopandisha na kushusha dau.

Sasa ipo karatasi nyingine ya Savannah, ya miaka sita tu baadaye, nayo ina umri wa watu vile vile. Anayeiona ile ya kwanza asiondoke bila kuijua hii ya pili.

Jenerali William Sherman wa jeshi la Muungano aliuteka mji Desemba 1864 na kuutoa kwa Rais Lincoln kama zawadi ya Krismasi, pamoja na mizinga na marobota ya pamba. Jioni ya tarehe 12 Januari 1865, katika jumba la mfanyabiashara Charles Green pale Madison Square, Sherman na Waziri wa Vita Edwin Stanton walikaa na wachungaji na viongozi wa makanisa 20, wote weusi. Katibu aliandika kumbukumbu, na karibu na kila jina akaandika umri. James Lynch wa Baltimore, miaka 26, hakuwahi kuwa mtumwa. Glasgow Taylor, miaka 72, alikuwa mtumwa hadi majeshi yalipoingia, yaani wiki tatu nyuma. Msemaji wao, Garrison Frazier, alikuwa na miaka 67. Alikuwa amejinunua yeye na mke wake, miaka minane kabla ya mkutano huo, kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha.

Aliulizwa utumwa ni nini na uhuru ni nini, akajibu kwa ufasaha. Aliulizwa watu wake wanahitaji nini ili wajitunze. Akasema ardhi, waigeuze kwa jasho lao hadi waweze kuinunua. Siku nne baadaye Sherman alitoa Amri Namba 15, iliyotenga visiwa na ukanda wa pwani kuanzia Charleston kushuka hadi mto St. Johns kule Florida, kila familia ipate hadi ekari 40. Watu wapatao 40,000 walihamia. Kabla mwaka huo kuisha Rais Andrew Johnson, aliyeshika nafasi ya Lincoln aliyeuawa, aliwarudishia mashamba wale wale waliokuwa mabwana.

Jumba lenyewe lipo na linatembelewa. Mama anasimama ghorofani na kuhesabu: Frazier alikuwa mdogo wake kwa miaka mitatu. Mzee aliyekaa utumwani kwa karibu miaka sitini aliitwa mbele ya wakubwa wawili wa nchi, na safari hii umri wake uliandikwa kama ushahidi wa aliyoyaona. Mume wake, ambaye tangu asubuhi anasema viatu vinambana, amenyamaza kimya.

Hatua chache kutoka soko la mji, kwenye Franklin Square, lipo kanisa la First African Baptist. Jamii ya waumini wake ilianza karne ya 18 kwa kazi ya George Liele na Andrew Bryan, wahubiri waliozaliwa utumwani, na jengo la sasa lilikamilika mwaka 1859, mwaka ule ule wa mnada. Wenye kanisa husimulia kwamba lilijengwa na watumwa usiku, baada ya kazi za mchana. Katika sakafu ya chini kuna matundu madogo yaliyotobolewa kwa mpangilio wa msalaba ndani ya umbo la almasi. Waumini wanaeleza kwamba yaliwapa hewa watoro waliofichwa chini ya mbao wakisubiri njia ya kwenda kaskazini.

Msikilizaji wa Kinshasa au Matadi angeitambua alama ile. Wakongo huiita dikenga, nayo huchora safari ya jua na ya mwanadamu pamoja: macheo ni kuzaliwa, adhuhuri ni utu uzima, machweo ni kufa, na usiku wa manane ni upande wa wahenga, kabla jua halijachomoza tena. Waliotoboa mbao hizo hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walikuwa na saa nyingine ya kupimia maisha, wakaitia sakafuni chini ya miguu ya waumini, pale ambapo mwenye shamba angeona matundu tu.

Tarehe yenyewe ya miaka sabini inaangukia siku ya kazi, na ni vizuri, kwa sababu mkahawa wa Mrs. Wilkes kwenye Jones Street hufunguliwa siku za kazi tu. Mahali hapa palianza kama nyumba ya wapangaji mwaka 1943. Hakuna kuweka nafasi. Unapanga mstari nje, unaingia, unaketishwa meza ya watu kumi pamoja na usiowajua, na mabakuli yanapita mkono kwa mkono: kuku wa kukaanga, kunde, bamia, viazi vitamu, wali mwekundu uliopikwa kwa nyanya. Ukimaliza unabeba sahani yako jikoni mwenyewe. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aliyezoea sinia hakuna la ajabu hapo. Kwa taifa lililoandika sheria za kuzuia watu wa rangi mbili kula meza moja, meza ya watu kumi wasiojuana ni jambo la kutazamwa kwa heshima. Umbali wa dakika chache kwa miguu, kwenye Broughton Street, Machi 1960 wanafunzi weusi walikaa kwenye kaunta za chakula za maduka makubwa wakakamatwa. Mji ukafuata na mgomo wa kutonunua uliodumu zaidi ya mwaka, ukiongozwa na W. W. Law, ambaye kazi yake ya mshahara ilikuwa kupeleka barua.

Bamia zile zinastahili neno moja. Huku huitia bamia kwenye mchuzi mzito uitwao gumbo, na jina hilo lilitoka kwa watu wa lugha za Kibantu, waliokuwa wakiita bamia kingombo. Karanga nazo wazee wa kusini huziita goober, kutoka nguba ya Kikongo. Njiani kurudi Skidaway wanapitia Pin Point, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1890 na watu walioachwa huru na vizazi vyao, waliotoka visiwani. Ni Wagullah-Geechee, jamii iliyohifadhi lugha na mapishi ya Afrika kuliko nyingine yoyote ya Marekani. Kuanzia 1926 hadi 1985 palikuwa na kiwanda cha chaza na kaa, na leo majengo yake ni makumbusho. Wanawake walisimama humo kutwa nzima wakichambua kaa. Kando yake maji yanapwa na kujaa kwa zaidi ya mita mbili, matope yananuka chumvi, na ngalawa tu ndiyo inayokosekana ili mtu wa Lamu aseme amefika nyumbani. Usubi nao wapo; jioni ya Machi mgeni asitoke bila dawa ya kujipaka.

Siku inayofuata ni ya Tybee, kisiwa cha ufukweni, kilomita kama 30 kutoka mjini. Mama alikuwa mtoto mdogo sana Agosti 1960, vijana weusi walipoingia kwenye maji haya na kukamatwa. Leo mjukuu anavua viatu, anakimbilia mawimbi, anarudi analalamika maji ni baridi. Bibi yake anamruhusu kulalamika atakavyo.

Wanaporudi wanapitia Fort Pulaski, ngome ya matofali milioni 25 iliyochukua miaka 18 kujengwa na ikavunjwa kwa saa 30 mwezi Aprili 1862, mizinga mipya yenye mifuo ndani ya mtutu ilipotoboa kuta zilizodhaniwa hazitoboki. Mwezi huo huo msichana wa miaka 13, Susie Baker, aliyejifunza kusoma Savannah kwa siri, alitoroka kwa mashua pamoja na jamaa zake hadi kwenye majeshi ya Muungano, na muda si mrefu akawa anafundisha watoto mchana na watu wazima usiku. Kiwanja kimojawapo cha mji, kilichobeba kwa zaidi ya karne jina la John C. Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa, kilipewa jina la ndoa la Susie, Taylor, kwa uamuzi wa baraza la mji mwaka 2023. Mama alikwenda kukaa hapo siku ya kwanza. Mwalimu alimtembelea mwalimu.

Kilichomleta ngomeni hata hivyo ni sherehe. Florence Martus alizaliwa hapa mwaka 1868, baba yake akiwa askari wa ngome, kisha akaishi na kaka yake mtunza taa kwenye kisiwa cha Elba, mtoni. Kuanzia 1887 hadi 1931, miaka 44, alizipungia meli zilizoingia na kutoka Savannah, kitambaa mchana na taa usiku. Mabaharia wa dunia nzima walimjua. Watu walimtungia kisa cha mchumba aliyepotelea baharini; mwenyewe hakukithibitisha. Mwaka 1938, alipotimiza miaka 70, mji ulimfanyia sherehe hapa Fort Pulaski, na maelfu wakaja kumpungia yeye.

Keki ya mama imekatwa kambini, juu ya meza ya mbao yenye miguu miwili iliyozama matopeni kidogo. Mume amechomeka taa ndogo kwenye waya wa gari. Jirani wa nafasi ya pili, mzee anayesafiri na mbwa wawili, ameletewa kipande akaleta kiti chake mwenyewe. Mjukuu ameuliza mji wenyewe utatimiza lini miaka mia tatu. Babu amehesabu kwa vidole: tarehe 12 Februari 2033, na simu ikasema ni Jumamosi. Hifadhi za Georgia hupokea maombi ya nafasi miezi 13 kabla, kwa hiyo ya siku hiyo yatafunguliwa Januari 2032. Mama amechukua kalamu, ameiandika tarehe hiyo kwenye karatasi ya boksi la keki, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa, mahali atakapoiona kila asubuhi.